Misuli ya Bibi Bado Inasikia

Ushauri wa kliniki ya kisukari ni ule ule kuanzia Muhimbili hadi zahanati ya mwisho wa barabara: punguza wanga, meza dawa kwa wakati, tembea nusu saa kila siku. Saadani, ushauri huo wa tatu unakutana na tembo. Kijiji hiki cha wavuvi wa kamba, kaskazini mwa mdomo wa Mto Wami, kimezungukwa na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100. Saa ambazo daktari angependa mgonjwa wake atembee, alfajiri kabla ya jua kali na jioni likishapoa, ndizo saa ambazo nyati na simba nao wako njiani. Mwanamke wa miaka sitini anayeambiwa atoke akatembee ana haki ya kuuliza: nitembee kwenda wapi?

Ni swali la kujibiwa kwa uzito. Kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kutembea ni dawa inayofanya kazi kwa kina kuliko wengi wanavyodhani. Haiishii kuunguza sukari iliyoko kwenye damu, bali inafika hadi ndani ya seli na kubadili jinsi jeni zinavyosomwa. Na ukanda wote huu, kuanzia Saadani hadi Bagamoyo mjini na Mlingotini, wanawake wa umri huo wanahama taratibu kutoka kwenye maisha ya kuinama, kubeba na kutembea kwenda kwenye maisha ya kukaa.

Kitabibu, mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Mazungumzo ya ukomo huo, pale yanapofanyika, huishia kwenye joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu. Sukari haitajwi, ilhali homoni inayoondoka ni miongoni mwa wasimamizi wake.

Homoni hiyo ni estrojeni. Wengi wanaijua kwa habari za uzazi tu. Lakini ikifika kwenye seli ya msuli, ya ini au ya mafuta, hushikana na kipokezi chake, kisha viwili hivyo hukaa juu ya DNA na kuamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Jeni kadhaa zinazohusika na matumizi ya sukari na mafuta ziko chini ya usimamizi huo. Ovari zinapofunga kazi, usimamizi unalegea. Mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na nyongani yanaanza kuhamia tumboni, na mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoifanya insulini iite bila kusikilizwa. Umri nao unachukua sehemu yake: misuli inapungua mwaka hadi mwaka, na msuli ndio ghala kubwa kuliko yote ambamo sukari huingia baada ya mlo.

Haikuwa hivi zamani, au tuseme haikuonekana hivi. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwamo Andrew Swai, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa sauti kubwa za mapambano dhidi ya kisukari nchini. Walipima watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea katika vijiji sita. Waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta sukari iliyopanda kwa karibu asilimia 9. Umri wa waliopimwa na njia za kupima havilingani sawasawa kati ya chunguzi hizi mbili, lakini pengo lenyewe ni pana mno kusingiziwa vipimo.

Kilichobadilika kati ya miaka hiyo kinaonekana katika utafiti mwingine wa hapa hapa nchini. Watafiti waliwafuatilia vijana wa kike na wa kiume waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, wakawapima kabla ya safari na mwaka mmoja baadaye. Kijijini, wanawake 38 katika kila 100 walikuwa wakifanya kazi nzito za kutoa jasho. Mjini walibaki 16. Uzito wao uliongezeka kwa kilo mbili na zaidi kidogo kwa wastani. Mwaka mmoja tu, na hao walikuwa na wastani wa umri wa miaka ishirini na kitu. Mama zao na bibi zao, wenye estrojeni iliyokwisha kuondoka, wanapita kwenye mabadiliko hayo hayo bila hata kupanda basi, kwa sababu mji umewafuata. Bodaboda inafika mlangoni, nazi inakunwa kwa mashine dukani, na mahindi yaliyokuwa yakitwangwa kwenye kinu yananunuliwa yakiwa sembe kwenye mfuko.

Sasa msuli wenyewe. Mtu anapotembea, seli za paja zinajikunja na kujikunjua na zinatumia nishati kwa kasi. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho AMPK ambacho kazi yake ni kupima akiba. Akiba ikishuka, AMPK na madini ya kalsiamu yanayofunguliwa msuli unapojikunja hutoa amri, na vipitisho vya sukari viitwavyo GLUT4, vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani ya seli, vinapanda juu kwenye ukuta wake na kuanza kuingiza sukari kutoka kwenye damu. Hapa pana jambo ambalo kila mgonjwa angestahili kuelezwa siku ya kwanza ya kliniki: amri hiyo haipitii kwa insulini. Mwili ambao insulini yake haisikilizwi tena bado una mlango huu wa pili, nao unafunguliwa na mwendo.

Hayo ni ya dakika ile ile. Ya jeni yanafuata, na yanakwenda taratibu zaidi. DNA yote ya mtu imo ndani ya karibu kila seli yake, lakini imekunjwa na kuzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mithili ya kanga zilizokunjwa sandukuni: zote ni za mwenyewe, ila zinazoonekana ni zile zilizokunjuliwa. Jeni inayotengeneza GLUT4 ina protini walinzi zinazoifanya ibaki imekunjwa. Nchini Australia, Sean McGee na Mark Hargreaves waliwaendesha baiskeli watu waliojitolea kwa saa moja, wakachukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada ya zoezi. Baada ya ile saa moja, sehemu ya walinzi hao ilikuwa imetoka kwenye kiini cha seli. Wakitoka, jeni inakunjuliwa na kusomwa, na msuli unatengeneza GLUT4 mpya kwa ajili ya mlo wa kesho.

Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, wakiongozwa na Romain Barrès na Juleen Zierath, walionyesha upande mwingine wa jambo hilo. Juu ya DNA hubandikwa vikemikali vidogo vya methili ambavyo mara nyingi huzuia jeni isisomwe. Baada ya zoezi moja tu, vibandiko hivyo vilipungua kwenye jeni muhimu za matumizi ya nishati, ikiwamo PGC-1α, ambayo husimamia utengenezaji wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Na zoezi kali lilipunguza zaidi kuliko zoezi jepesi.

Jaribio linalovutia kuliko yote lilifanyika katika taasisi hiyo hiyo na kuchapishwa mwaka 2014. Vijana 23 walifanya mazoezi ya mguu mmoja tu, dakika 45, mara nne kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mguu wa pili ulipumzika. Uzuri wa mpango huo ni kwamba unafunga midomo ya wabishi. Miguu yote miwili ni ya mtu mmoja: ina wazazi wale wale, imekula chakula kile kile, imelala usiku ule ule. Tofauti ikitokea, imeletwa na mazoezi. Ilitokea. Katika mguu uliofanya kazi, karibu maeneo 5,000 ya DNA yalikuwa yamebadilika vibandiko vyake vya methili, mengi yakiwa karibu na jeni zinazohusika na matumizi ya nishati na insulini, huku mguu uliopumzika ukibaki karibu kama ulivyokuwa. Mwanamke anayesema "sukari ni ya ukoo wetu, mama alikuwa nayo, na mimi itanipata tu" amerithi jeni kweli. Namna zinavyosomwa hakuirithi yote.

Waliopimwa katika majaribio hayo walikuwa vijana au watu wa makamo, na mwenye miaka sitini anaweza kuuliza kama hayo yanamhusu. Yanamhusu. Huko Copenhagen, Denmark, wanawake wa umri wa miaka 45 hadi 57, baadhi wakiwa bado wanaona siku zao na wengine wamekoma karibuni, waliendeshwa mazoezi makali ya baiskeli kwa miezi mitatu. Makundi yote mawili yalinufaika: insulini ilisikilizwa vizuri zaidi, mafuta yakapungua. Mlango unaofunguliwa na mwendo haukuwa umefungwa na kuondoka kwa estrojeni.

Na katika mradi mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002 na kuwahusu watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, mazoezi ya dakika 150 kwa wiki pamoja na kupunguza uzito kidogo yalipunguza idadi ya waliopata ugonjwa kwa asilimia 58. Vidonge vya metformini vilipunguza kwa asilimia 31. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mazoezi na chakula vilipunguza kwa asilimia 71, kundi la wazee likiyapita makundi yote ya umri mdogo zaidi. Takwimu hiyo ilistahili kubandikwa ukutani katika kila zahanati ya Pwani.

Lakini kwa Saadani, jaribio lenye manufaa ya haraka zaidi ni dogo na la kawaida sana. Lilifanyika Leicester, Uingereza, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2016. Wanawake 22 waliokoma hedhi, wenye umri wa wastani wa miaka 66, wanene kiasi na wenye sukari iliyoanza kukorofisha, waliketi kwa saa saba na nusu huku wakila milo iliyopangwa na kupimwa damu. Siku nyingine walifanya vivyo hivyo, ila kila baada ya nusu saa walisimama kwa dakika tano, au walitembea taratibu kwa dakika tano. Kupanda kwa sukari baada ya mlo kulipungua kwa asilimia 34 kwa kusimama na asilimia 28 kwa kutembea. Nafuu iliendelea kuonekana hadi kesho yake.

Dakika tano uani hazihitaji barabara, viatu vya michezo wala ujasiri wa kukutana na nyati.

Zamani kabla ya majaribio haya, kazi ya mabibi ilikuwa imekwisha kupimwa na wanasayansi hapa hapa Tanzania. Miaka ya 1980, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi na Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi, karibu na Ziwa Eyasi wakihesabu saa za kazi za kila mtu. Waliokuwa wakichimba mizizi kwa muda mrefu zaidi walikuwa wanawake wazee waliokwisha kukoma hedhi. Kutoka hapo ikazaliwa hoja maarufu kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya uzazi yalijengwa na bibi anayelisha wajukuu. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha Wahadzabe wanatumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika mwendo wa kutoa jasho, na hata wanapopumzika, kwa sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, hali ambazo haziruhusu misuli ya miguu ilale kabisa. Mwili wa mwanamke mzee, kwa ushahidi huo wa nyumbani, uliundwa kwa kazi.

Pwani ya Bagamoyo ina wachimbaji wake, ila wao huingia baharini. Mlingotini, wakulima wa mwani hufuata bamvua, siku ambazo bahari hutoka mbali kuliko kawaida. Maji yakitoka, wanawake wanatembea hadi kwenye mashamba ya vigingi na kamba, wanainama kiunoni, na kwa vidole vilivyolowa wanafunga vichipukizi vya mwani kwa taitai, vikamba vyembamba vya kufungia, kimoja baada ya kingine, kamba baada ya kamba, hadi maji yanaporudi na kuwafika magotini. Siku ya kuvuna wanatoka na viroba vinavyochuruzika. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 kisha kikavuka kuja bara, na kimeshikiliwa na wanawake kwa sehemu kubwa, wengi wao wakiwa na wajukuu.

Muuguzi akimwambia mwanamke kama huyo, "Shikamoo bibi, jitahidi kufanya mazoezi," jibu linajulikana: "Marahaba mwanangu, mazoezi gani tena, na mgongo huu?" Ana hoja. Kuinama kwa saa nyingi katika maji ya chumvi kunaumiza mgongo na ngozi, na hakuna sayansi inayosema kutaabika ni afya. Ila kuna jambo ndani ya kalenda yake ambalo hakuna anayemweleza. Athari ya zoezi moja katika kuifanya insulini isikilizwe hudumu siku moja hadi mbili, kisha hufifia. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Katikati yake kuna maji mafu, siku kadhaa ambazo bahari haitoki vya kutosha na mkulima wa mwani anakaa nyumbani akianika, akifunga kamba kivulini, akisuka ukili. Mwanamke anayeonekana mchapakazi kuliko wote kijijini anaweza kuwa na juma zima ambalo misuli yake mikubwa haijaitwa. Hizo siku za maji mafu ndizo za kuziba: kuzunguka kijiji, kuinuka kila nusu saa kutoka kwenye ukili, kuinuka kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu, kunyanyua madumu ya maji ya lita tano kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo kwa wiki na siku mbili za mazoezi ya nguvu, na hayo ya nguvu ndiyo yanayosahauliwa zaidi na wanawake.

Tena ukanda huu haujawahi kukosa ngoma. Bagamoyo ni mji wa chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, leo TaSUBa, na Wazaramo na Wakwere wa hapa wanajua mdundiko unavyoweza kuzungusha mtaa mzima kwa saa nyingi, shangazi na bibi wakiwa mstari wa mbele. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Dar es Salaam vikundi vya kukimbia viliitikia kwa fulana za rangi moja. Kwa mwanamke wa miaka sitini wa Saadani, ambaye hatavaa suruali ya kukimbilia na hana sababu ya kuivaa, saa moja ya ngoma mara tatu kwa wiki ni mazoezi kamili, na afisa afya wa kata anayejua kazi yake angeanzia hapo.

Kuna tahadhari mbili zisizoweza kuachwa. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka mno akifanya kazi nzito kabla ya kula. Jasho la baridi, mikono kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za kusimama mara moja na kunywa kitu chenye sukari. Na miguu. Sukari ya muda mrefu huua hisia za unyayo, na mtu anaweza kukanyaga gamba la chaza au mwiba na kurudi nyumbani bila kujua amekatwa. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amejulikana duniani kwa kuonyesha jinsi vidonda vidogo vya namna hiyo vinavyoishia kwenye kukatwa mguu, na jinsi ukaguzi wa kila jioni na kiatu kinachofunika vinavyoweza kuuokoa. Ufukweni, viatu vya plastiki vilivyofunikwa mbele vina thamani kuliko ushauri mrefu.

Kinachobaki ni kazi ya watafiti, na hapo Bagamoyo haina sababu ya kusubiri wageni. Wanawake weusi wa Cape Town wenye unene, wengi wao wakiwa vijana, tayari wamefanyiwa jaribio la mazoezi ya wiki 12, na usomaji wa jeni katika mafuta yao ya tumboni na ya makalio ukaonekana kubadilika kwa namna tofauti. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi Bagamoyo lililoshiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21. Wataalamu wake wanajua kuchukua damu kijijini na kuifikisha maabara ikiwa salama, wanajua kumfuatilia mtu yule yule kwa miaka. Utafiti unaohitajika ni mdogo kuliko chanjo yoyote: wanawake wa miaka 50 hadi 65, nusu wakulima wa mwani wa Mlingotini, nusu wakaazi wa Bagamoyo mjini wanaouza dukani wakiwa wameketi, wapimwe sukari wakati wa bamvua na tena mwishoni mwa maji mafu na, kwa watakaoridhia, kichukuliwe kipande cha msuli wa paja ili isomwe jeni ya GLUT4 inavyopanda na kushuka na bahari. Majibu yake yangempa muuguzi wa Saadani hesabu aliyokosa hadi leo, ya siku ngapi mwanamke wa Pwani anaweza kukaa kabla misuli yake haijaanza kusahau.